Siku nane za baiskeli vijijini Ufaransa na mzee wa miaka 66: Loire, Bourgogne ya kusini au bonde la Célé?

BintiMwalimu
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu anakuja kunitembelea hapa Freiburg, Ujerumani, mwezi wa tisa, viza ya Schengen imeshatoka. Ni mwalimu mstaafu wa Marangu, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikwenda shuleni na baiskeli yake ya Phoenix, asubuhi anateremka, jioni anaisukuma kupanda. Nataka tuvuke mpaka tuzunguke vijijini Ufaransa sisi wawili, kilomita 35 hadi 50 kwa siku, tukilala vyumba vya wageni. Milima ya Alps hapana. Natafuta barabara ambazo watu wawili wanaweza kupiga soga bila kugeuka nyuma kila dakika.
Nimebaki na chaguo tatu: njia ya mto Loire, Bourgogne ya kusini (Chalon-sur-Saône, Cluny na vijiji vyake), na bonde la Célé karibu na Figeac. Waliopita huko naomba mniambie.

MtoNaUpepo
Dada, mpeleke mzee Loire. Naishi Nantes, njia hiyo nimeiendesha mara nne. La Loire à Vélo nzima ni kama kilomita 900, kutoka Cuffy karibu na Nevers mpaka Saint-Brevin-les-Pins baharini, ila nyinyi chukueni kipande cha kati, kati ya Saumur na Blois. Ni tambarare, vibao viko kila njia panda, na nyumba za wageni zenye alama ya Accueil Vélo haziko zaidi ya kilomita tano kutoka njiani. Zina mahali pa kufungia baiskeli na vifaa vya kuziba pancha. Mwalimu atafurahi kuona bustani za Villandry, na kasri la Chambord mbele kidogo ya Blois. Halafu pale Saumur jiwe ni jeupe na laini. Walilikata wakajengea makasri, na mashimo yaliyobaki watu wakayageuza nyumba na maghala ya mvinyo.
Jambo moja ulishike: upepo wa huku mara nyingi unatoka magharibi. Anzieni Saumur mwelekee Blois, muwe nao mgongoni.

BondeLaCele
Mimi napiga kura ya Célé bila kusita. Barabara ya D41 kutoka Figeac mpaka Bouziès inafuata mto kila kona, jabali upande mmoja, mto na mashamba upande wa pili. Nimeipita asubuhi ya siku ya kazi, nikahesabu magari saba mpaka saa nne. Na pale Cabrerets kuna pango la Pech Merle, lina farasi wa madoadoa waliochorwa ukutani zamani za kale, na mpaka leo wageni wanaingizwa kwenye pango lenyewe. Mwalimu wa Tanzania aliyewahi kuwasimulia watoto habari za michoro ya Kondoa, ukimsimamisha mbele ya farasi wale hataongea kwa muda.

BibiBaiskeli_Lyon
Salaam mwanangu. Mimi ni wa Mombasa, niko Lyon mwaka wa kumi na tisa, na Bourgogne ya kusini ndiyo ninayokwenda kila mara nikipata siku tatu.
Kwanza niwajibu wenzangu. Loire ni nzuri, hilo silipingi, ila utashinda unatoka kasri kwenda kasri, na mahali pengi utaendesha katikati ya watalii wenzako. Célé nayo ni kama kilomita 50 tu. Siku mbili za mwendo wa mzee umeimaliza, na ukitaka kutoka bondeni lazima upande kwenye uwanda wa chokaa. Juu kule mvua inazama ardhini, kijito hukioni, kivuli ni cha mialoni mifupi. Kijana sawa. Baba yako ana siku nane.
Sasa sikiliza. Kutoka Chalon mpaka Cluny kuna njia iliyowekwa juu ya reli ya zamani. Kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa 1997, na ndiyo njia ya kwanza ya aina hiyo Ufaransa nzima. Gari haliingii. Kwa kuwa treni haipandi mlima mkali, na nyinyi hamtapanda mlima mkali. Mnapita Saint-Gengoux-le-National, Cormatin, Taizé, mnalala Cluny, penye mabaki ya abasia, yaani monasteri kubwa, iliyoanzishwa mwaka 910. Igaweni kwa siku mbili, msikimbie.
Mkitoka Cluny kuelekea magharibi ndipo mnaingia barabara zenyewe. Nunua ramani ya karatasi ya Michelin, ile ambayo sentimita moja ni kilomita mbili. Nyekundu ziache. Za njano pitia pale pasipo njia nyingine. Nyeupe, zile nyembamba kama uzi, ndizo zenu: lami nzuri, upana wa gari moja na nusu, na unaweza kwenda nusu saa ukapishana na trekta moja na gari la posta. Ukiona mshale mdogo umechorwa juu ya barabara, ni mlima, na ncha inaonyesha upande wa kupanda. Mshale mmoja ni asilimia 5 hadi 9, miwili ni 9 hadi 13, mitatu ni zaidi ya hapo. Palipo na miwili mtafutie mzee njia ya kuzunguka. Barabara ya N79 msiikaribie hata kidogo, ni ya malori.
Mtapita Charolles, kisha Brionnais, yenye makanisa madogo ya mawe ya manjano kama Anzy-le-Duc, mpaka Paray-le-Monial na Digoin. Pale Digoin mfereji unavuka juu ya mto Loire kwa daraja. Mashua inapita juu, mto unapita chini, na baiskeli mnaipitisha kandokando ya maji. Kutoka hapo mnafuata Canal du Centre mpaka Chalon mlikoanzia.

MtoNaUpepo
Bibi, naheshimu. Lakini mvua ikinyesha siku tatu mfululizo huko kwenye vilima, wapi watapata chumba bila kuweka nafasi? Loire kila baada ya kilomita kumi kuna mji.

BibiBaiskeli_Lyon
Hapo umesema kweli, mwanangu. Magharibi ya Cluny waweke nafasi mapema, na wachague Charolles au Paray, wasitegemee vijiji vidogo.

FundiSpoku
Habari zenu. Mimi ni fundi baiskeli, nimejifunzia kazi Mwanza, sasa niko Strasbourg. Hakuna aliyegusa jambo linalonitia wasiwasi zaidi: mikono ya mzee.
Phoenix ya nyumbani breki ya mbele iko mkono wa kulia. Baiskeli za kukodi za Ufaransa, breki ya mbele iko kushoto. Mtu aliyeshika breki miaka ishirini hafikirii, mkono unajikamata wenyewe. Akiogopa kitu kwenye mteremko atabana ya mbele akidhani ni ya nyuma, na gurudumu la mbele litasimama kabla yake. Mwombe mkodishaji abadilishe nyaya mbele yako, ni kazi ya dakika chache. Akikataa, mzee afanye mazoezi kwenye uwanja mtupu mpaka mkono uzoee.
Halafu ameendesha kushoto maisha yake yote. Kwenye njia panda atatazama upande usio. Na katika vijiji vya Ufaransa, pasipo na alama yoyote, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita kwanza, hata kama linatoka kichochoroni. Kwa hiyo naunga mkono Bourgogne kwa sababu moja: siku mbili za kwanza hakuna gari, na kila njia inapokata barabara mnasimama, anajifunza kutazama kushoto kwanza.
Kuendesha sambamba mchana kunaruhusiwa, ila gari likitaka kupita mnapanga mstari. Nje ya miji dereva anatakiwa awaachie mita moja na nusu. Vizibao vya kuakisi bebeni, usiku nje ya mji ni lazima.
Mizigo usiiweke yote kwenye keria ya nyuma. Spoku hukatika nyuma, upande wa gia, na mara nyingi zinaanza na moja tu iliyolegea. Kila asubuhi zibane mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea utaisikia.

BintiMwalimu
Asanteni sana, nimeandika yote. FundiSpoku, jambo la breki sikuwa nimeliwaza kabisa. Je, nimkodie ya umeme?

FundiSpoku
Mkodie. Mota inasaidia mpaka kilomita 25 kwa saa, ikizidi hapo inaacha. Usimwambie ni kwa ajili ya umri, mwambie ni kwa ajili ya mizigo, na mizigo kweli abebe yeye.

WaTaveta
Niongeze ya tumbo na maji. Vijijini maduka hufungwa saa sita mchana mpaka saa nane, Jumapili alasiri usitegemee kitu, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafunguki. Nunueni mkate, jibini na matunda asubuhi. Jibini la mbuzi la huko Charolles ni zuri sana. Mkiingia dukani toeni salamu kwanza, "bonjour", kabla ya kuuliza lolote. Ni sawa na hodi ya kwetu, ukiiruka unaonekana huna adabu. Maji yakiisha tafuteni makaburi ya kijiji, karibu kila mahali kuna bomba la kumwagilia maua. Palipoandikwa "non potable" msinywe.
Na mbele ya kanisa au ofisi ya kijiji mtakuta mnara wa vita vya 1914 hadi 1918. Kijiji cha nyumba thelathini hivi, nikahesabu majina kumi na tisa, matatu ya ukoo mmoja. Nilikaa pale muda mrefu. Vita ile ilifika kwetu pia, mapigano ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta, yalikuwa Februari 1916, na kilima kile naweza kukuonyesha kutoka barabarani. Wapagazi wetu waliokufa kwa njaa na magonjwa wamekufa kwa maelfu, na mnara wenye majina yao sijauona. Mwalimu atakuwa na la kusema hapo, mpe nafasi.

BondeLaCele
Nimewasoma wote. Kwa siku nane na mzee, nakubali Bourgogne. Célé mlete mwakani kwa siku tatu, mlale Cabrerets, mpande kidogo.

BintiMwalimu
Wadau, tumerudi jana. Tulifanya mzunguko wa Bibi kama alivyoupanga, siku nane, pancha moja, mvua siku moja na nusu. Mkodishaji alibadilisha breki bila maneno. Siku ya pili baba alikuwa anatazama kushoto mwenyewe, na siku ya tatu akawa ananikumbusha mimi.
Tulichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga kati ya Cluny na Charolles. Ng'ombe wa huko ni weupe, wakubwa, wametawanyika malishoni pande zote za barabara, mchana na usiku. Nyumbani Marangu ng'ombe yuko zizini, majani unamkatia na kumpelekea kichwani kila siku ya maisha yako. Baba alisimamisha baiskeli kwenye lango la shamba, akaegemea ubao, akaanza kuhesabu, akafika arobaini na kitu akarudia tena. Mwenye shamba akaja na trekta, akazima injini. Nikawa mkalimani. Baba aliuliza kitu kimoja tu: wakati wa theluji nani anawakatia majani? Yule bwana akatuonyesha kwa mkono marobota ya nyasi kavu yaliyopangwa chini ya paa, akatupeleka tukayaone. Tulikaa saa nzima. Kilomita kumi na tano zilizobaki mpaka Charolles tuliziendesha sambamba, baba anapiga hesabu ya marobota kwa sauti, na hakuna gari lililotupita mpaka tulipoona mji.