Kompyuta ndiyo imchagulie baba dawa?

BintiFundi

Hodi humu. Nimekuwa nasoma kimyakimya muda mrefu, leo imebidi nibishe.

Baba yangu ana miaka 63. Ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Kama ulioa huko miaka ya tisini, huenda suti yako ilipita mikononi mwake. Mama alipofariki nikamchukua aje akae nami Minneapolis. Hakumaliza mwaka akaanza kuchoka ovyo, fizi zikawa zinatoka damu, nami nikalaumu mswaki, nikamnunulia mwingine laini. Kumbe ni lukemia, ile ya kasi wanayoiita AML.

Amepigwa kemo, ugonjwa umelala. Daktari anasema ukiachwa hivyo utaamka, kwa hiyo apandikizwe seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa damu. Walitafuta mchangiaji anayelingana naye kamili kwenye daftari lao la watu wanaojitolea, hawakupata. Nikapimwa mimi, tunalingana nusu, wakasema nusu inatosha siku hizi. Hapo sina neno, hata wakitaka figo.

Shida ni hii. Kabla ya kupandikizwa kuna dawa za kuandaa mwili, fludarabini na busulfani, ambazo ndizo za siku zote. Sasa wanamwomba aingie kwenye utafiti: kuna kidonge cha tatu, venetoklaksi, wanataka kujua kikiongezwa juu ya zile mbili kama ugonjwa utarudi kwa watu wachache zaidi. Nusu ya wagonjwa watapewa mbili, nusu tatu. Atakayechagua nani apewe nini si daktari, ni kompyuta! Daktari mwenyewe haruhusiwi kuingiza mkono.

Nilimsomea baba fomu ya ridhaa mezani, ukurasa kwa ukurasa, natafsiri huku chai inapoa. Alisikiliza yote. Mwisho akasema: "Mwanangu, kitambaa nisichokijua sikijaribii kwenye kanzu ya bwana harusi. Nakata kipande pembeni, nakiloweka, naona kama kinachuja. Hawa wenzetu kipande chao cha pembeni ndio mimi?"

Sikuwa na jibu. Alhamisi tunarudi kwa daktari. Aliyepitia haya, au anayeyajua, anisaidie. Msinitumie maneno ya "Mungu yupo" peke yake, hayo ninayo.

Mzee_wa_Kijiweni

Pole dada. Ila mimi nasema msikubali. Mtu mweusi akishaona neno "utafiti" kwenye karatasi ajue yeye ni panya. Kompyuta inajua nini kuhusu baba yako? Daktari kasoma miaka yote hiyo, achague yeye! Kama kidonge ni kizuri wampe, kama kibaya wakitupe. Kati ya hayo mawili hakuna la tatu.

MfamasiaWaZamu

Dada BintiFundi, shikamoo yangu kwa mzee. Mimi ni mfamasia wa wodi ya upandikizaji hapa Uingereza, mtu wa Lamu kwa asili. Dawa hizi nazitengeneza kwa mikono yangu, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Nianze na Mzee wa Kijiweni, kwa sababu la tatu analosema halipo ndilo tunaloishi nalo kila siku: hatujui. Busulfani inafagia uloto, ule wa ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, inaua mabaki ya lukemia na kuzipa nafasi seli za mchangiaji. Fludarabini inainyamazisha kinga ya mgonjwa ili seli za binti zisifukuzwe mlangoni. Zikishashika, seli hizo nazo zinaiwinda lukemia. Ukizidisha nguvu ya dawa, unaua saratani nyingi zaidi, na baadhi ya wagonjwa unawaua nao. Ukipunguza, mgonjwa anatoka wodini akitembea, halafu baada ya miezi sita ugonjwa unapiga hodi. Kazi yote ya hawa watafiti ni kutafuta nafasi katikati, na ni nyembamba.

Sasa hilo la daktari kuchagua. Marekani walikuwa na utafiti uitwao BMT CTN 0901. Wagonjwa 272 wa AML na ndugu yake MDS (uloto unaotengeneza damu mbovu), miaka 18 hadi 65. Wakati ule madaktari wengi waliona dawa nyepesi zinafaa sawa na kali: wagonjwa wanaopewa nyepesi hawasumbuki sana, wanaonekana wazima. Kompyuta ikawagawa. Ilibidi wasimamishe kabla ya kufikia idadi waliyopanga, kwa sababu tofauti ilitisha: baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 48 ya waliopewa nyepesi, na asilimia 13.5 tu ya waliopewa kali. Ni kweli dawa kali ziliua wengi zaidi zenyewe, karibu asilimia 16 dhidi ya 4. Lakini baada ya miaka 4 waliokuwa hai ni asilimia 65 kwa upande wa kali na 49 kwa nyepesi. Kwa mwenye mwili unaozihimili, macho ya daktari bingwa yalikuwa yamemdanganya.

Basi utasema, ongeza tu dawa. Hapa kwetu walifanya hivyo, utafiti wa FIGARO, wagonjwa 244, matokeo yakatoka 2021. Kundi moja walipewa mpangilio mzito zaidi, wenye dawa za ziada, ambao watu wengi (nami nikiwamo) tuliuamini kabisa. Haukushinda. Zile dawa za ziada hazikuzuia ugonjwa kurudi kuliko mpangilio wa kawaida. Nilikuwa naziandaa usiku kucha nikiamini naokoa watu.

Sasa mfano wa mzee, ambao nimeupenda mno, nitauiba. Kipande cha pembeni kilishakatwa. Boston, pale Dana-Farber, waliongeza venetoklaksi juu ya fludarabini na busulfani kwa watu 22, walianza na dozi ndogo, wakaona wanahimili, wakapanda. Matokeo yalichapishwa 2021, na seli za wachangiaji zilishika. Yaani kitambaa kililowekwa, hakikuchuja. Lakini kipande kutochuja hakukwambii kama kanzu itadumu kuliko ya kitambaa cha zamani. Watu 22 hawawezi kukuonyesha hilo. Mwambie mzee yeye hayuko kwenye kipande, yuko kwenye kanzu mbili zinazoshonwa sambamba, na moja wapo ni ile ile ambayo angeshonewa hata asipoingia kwenye utafiti.

Sikwambii akubali. Alhamisi nenda na haya: kwa umri wake na hali ya moyo, mapafu na ini lake, kwa nini wamempangia dozi hiyo ya busulfani? Treosulfani, dawa inayoweza kushika nafasi ya busulfani, ambayo Ulaya imeruhusiwa tangu 2019 na Marekani tangu Januari 2025, kwa nini wasimpe hiyo? Chembe nyeupe zikichelewa kupanda kwa ajili ya kidonge, watakisimamisha lini? Na muulize moja kwa moja: "Akikataa, atapata nini?" Jibu zuri ni "upandikizaji ule ule, tarehe ile ile, kwa uso ule ule." Akisitasita hapo, nawe sitasita.

Mzee_wa_Kijiweni

Haya mfamasia, nimesoma. Hilo la 48 na 13 sikulijua. Ila panya bado sijamwondoa kichwani.

MfamasiaWaZamu

Usimwondoe. Mwache alinde. Ndiyo maana kuna kamati ya nje inayofungua matokeo katikati ya utafiti, na ndiyo iliyosimamisha ule wa 0901 mapema.

BabuKisauni

Mwanangu, mimi ni mgonjwa mstaafu, Mombasa. Yangu ilikuwa mieloma, saratani nyingine ya uloto, tofauti na ya babako: nilipandikizwa seli zangu mwenyewe, huko India, harambee ya ukoo na msikiti. Mimi sikuulizwa na kompyuta wala na mtu. Dawa moja, melfalani, siku moja, basi.

Nikupe la wodini ambalo hao wasomi watasahau. Siku ya melfalani walinipa barafu nitafune kabla, wakati inaingia, na baadaye. Nikadhani wananichezea. Kumbe baridi inaibana mishipa ya mdomo, dawa haifiki sana, vidonda vinakuwa vichache. Jirani yangu wa chumba aliichoka akaitema, na wiki iliyofuata hakuweza kumeza hata mate. Mimi nikafunga macho nikajiambia ni barafu za ukwaju za pale Old Town, senti kumi. Kwa dawa za babako sijui kama wanafanya, uliza.

Halafu nywele. Usimwambie "zitaota." Anajua zitaota. Kaa naye tu akinyolewa.

Na kuhusu panya: mimi ningependa kuulizwa. Mtu anapokuuliza, lazima akueleze kwanza. Mimi sikuelezwa kitu.

BintiFundi

Babu Kisauni, umeniliza saa nane usiku na kesho nina zamu. Mungu akuweke.

Mfamasia, maswali nimeyaandika kwenye karatasi ya dawa ya meno, ndiyo iliyokuwa karibu. Nina jingine dogo la aibu. Dada yake baba katuma kutoka Tanga mafuta ya habasoda, unga wa mwarobaini na chupa ya achari. Baba anakunywa habasoda kila asubuhi, wauguzi hawajui. Je, nina kesi?

Na hilo la daftari la wachangiaji linaniuma. Kwa nini hakukuwa na hata mmoja?

MfamasiaWaZamu

Huna kesi, ila sema leo, usingoje Alhamisi. Ini la mzee litabeba busulfani, hatutaki mgeni mwingine humo. Hata Panadol wengi wetu tunaizuia siku za busulfani, maana inachelewesha dawa kutoka mwilini. Venetoklaksi nayo ni ya kudeka: balungi marufuku, danzi marufuku, na lile tunda la nyota, nduguye mbilimbi, marufuku pia. Achari ni ya nini? Kama ni ya mbilimbi, ifunge kabatini mpaka daktari aseme. Na wakimpa dawa za fangasi, baadhi yake hupandisha venetoklaksi kwenye damu mara kadhaa, kwa hiyo dozi itapunguzwa sana. Usishtuke ukiona kidonge kimekuwa kidogo.

Daftari: huko Marekani wenyewe wanasema Mmarekani mweusi ana nafasi ya asilimia 29 kumpata anayelingana naye kamili, mzungu 79. Damu za Afrika zina mchanganyiko mwingi kuliko za watu wote, na waliojiandikisha ni wachache. Kilichomwokoa baba yako ni nusu yako, pamoja na siklofosfamidi atakayopewa siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa ili seli zako zisimshambulie. Watu wa Johns Hopkins, Baltimore, ndio walioing'ang'ania njia hiyo wakati wengi wanaicheka: kemo baada ya kupandikiza! Halafu wengine wakaipeleka kwa kompyuta hata kwa wenye wachangiaji wanaolingana, wagonjwa 431, matokeo ya 2023: walioishi mwaka mzima bila ugonjwa kurudi na bila madhara makubwa ya seli za mgeni walikuwa karibu asilimia 53, dhidi ya 35 kwa dawa za zamani. Leo ndiyo ya kawaida. Kuna watu walikubali kuchaguliwa na kompyuta ili iwe ya kawaida.

BintiFundi

Wiki tatu baadaye. Samahani kwa kimya.

Alhamisi ile daktari alijibu yote, pamoja na la "akikataa." Uso haukubadilika, Mfamasia, nilimtazama kama polisi. Busulfani imepunguzwa kwa ajili ya umri na moyo wake ambao hauko imara sana, ndiyo maana wanataka kuona kama kidonge kitaziba pengo hilo. Baba akamuuliza swali moja tu, kupitia kwangu: "Wewe ungependa kompyuta ichague kipi?" Daktari akacheka, akasema ana anachokipendelea moyoni, na ndiyo sababu hachagui yeye. Baba akaomba kalamu.

Habasoda tumeitangaza. Muuguzi aliandika jina lake herufi kwa herufi. Achari ilikuwa ya embe, lakini nayo iko kabatini.

Juzi amelazwa, na jana kompyuta imetoa jibu: dawa mbili. Za siku zote. Kidonge hakupata.

Mimi nilidhani nitafurahi, nikajikuta nimenuna kama mtoto aliyenyimwa. Baba alikaa kimya kidogo, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye kanzu ya zamani." Halafu akataka kujua mwenye kanzu mpya ni nani, kama ni yule wa chumba cha pili. Wakamwambia hawawezi kumtajia. Amekasirika kwa hilo kuliko ugonjwa.

Leo busulfani imeanza kuingia. Mimi nimechomwa sindano ya kwanza ya kuzitoa seli kwenye mifupa, zitakuwa siku tano, mgongo unauma kama nimebeba gunia la nazi. Nilipofika kwake nilimkuta kaiomba futi yake kutoka kwenye mkoba, anapima mkono wa gauni la hospitali kwenye bega la muuguzi wa kiume. Anasema aliyelikata hakupima mtu.