.308 ya mbali hapa Mwanza: greni 168, 175 au nihamie 6.5?

Mwana_Igoma
Wakuu, mwangaluka. Nina .308 ya leseni, mtutu wa inchi 24, michirizo yake inazunguka mara moja kila inchi 12. Darubini, kusema ukweli, ni ya hadhi kuliko bunduki yenyewe. Siku zote nimekuwa napiga shabaha mita 100 hadi 300 kwa risasi za kawaida na sina malalamiko. Sasa tumepata ruhusa ya eneo upande wa Misungwi, bonde limenyooka hadi mita 900 na nyuma yake kuna kilima cha kupokea risasi. Hapo ndipo shida imeanza.

Nataka risasi za mashindano zilizopakiwa kiwandani. Kujipakia mwenyewe sitaki, sina vifaa na sina hamu ya kuanza mlolongo mwingine wa vibali. Nilizoulizia: Federal Gold Medal yenye kichwa cha Sierra MatchKing greni 168 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), hiyo hiyo ya greni 175, na Lapua Scenar 167. Rafiki yangu mmoja kila tukionana ananiambia niachane na .308, niagize bunduki ya 6.5 Creedmoor nipigie risasi za Hornady ELD Match. Bei tuziache, kila shehena inakuja na yake.

Zile 168 nimeonjeshwa kidogo. Kundi la risasi tatu mita 100 linafunikwa na sarafu ya shilingi 200. Nichukue hizo nimalize?

Kepteni_Busisi
Mkuu, usimalize bado. Kichwa kile cha 168 kilibuniwa kwa mashindano ya kimataifa ya mita 300, na kwa mita 300 hadi leo ni vigumu kukikosoa. Tatizo lake liko nyuma. Mkia wake umechongwa kwa pembe kali ya nyuzi 13 hivi. Kasi ikishuka na kukaribia ile ya sauti, hewa inayopita kwenye mkia ule inakitikisa kichwa, kinaanza kuyumba, na kundi lililokuwa zuri mita 700 linatawanyika ovyo mbele yake. Mkia wa 175 una nyuzi 9 hivi, na unapita eneo lile kwa utulivu zaidi. Ndiyo maana jeshi la Marekani lilipotaka risasi ya wadunguaji ya kufika mbali zaidi, M118LR, lilichukua kichwa cha 175.

Kwenye boksi utaona 168 inatoka futi 2,650 kwa sekunde (mita 808) na 175 inatoka 2,600 (mita 792). Watu wanaona ile ya kwanza ina kasi zaidi wanaichukua. Kasi ya mdomoni haikusaidii kitu mita 900, kinachosaidia ni kichwa kinachohifadhi kasi yake njiani.

Mwana_Igoma
Asante Kepteni. Na huu mtutu wangu wa 1:12 utaishika 175? Kuna mtu dukani aliniambia ni lazima 1:10.

Fundi Mitutu
Utaishika bila wasiwasi. Kwa urefu wa kichwa kile na kasi ile, hesabu ya uthabiti (1.5 kwenda juu kichwa kinaruka bila kuyumba) inatoka zaidi ya 1.5 hata ukipiga usawa wa bahari, na huku juu hewa nyepesi inakuongezea. Ukitaka greni 200 na kuendelea hapo ndipo utafute 1:10. Maneno ya dukani yasikie, halafu upige hesabu.

Dada Shabaha
Naomba niseme kitu kuhusu ile sarafu ya shilingi 200. Kaka Igoma, usinielewe vibaya, ni kundi zuri, lakini risasi tatu haziamui kitu. Bunduki yoyote ya wastani, siku ikiamka vizuri, inakupa risasi tatu za kupiga picha. Piga kumi shabaha ile ile bila kubagua hata moja, ndipo tujue.

La pili, na ndilo kubwa kwa mita 900: azima kronografu, kile kipima kasi ya risasi. Tuseme kwenye boksi moja risasi ya pole na risasi ya haraka zimetofautiana mita 15 kwa sekunde. Mita 100 tofauti hiyo ni milimita tatu hivi, huioni kabisa, sarafu yako inaificha. Mita 900 kwa .308 inakuwa zaidi ya sentimita 30 za juu na chini, kabla hujakosea chochote wewe mwenyewe. Unakosa bamba la chuma unalaumu upepo, kumbe baruti ndiyo haikulingana.

Na kronografu nayo ina mtego wake. Watu wanapima risasi tano, mashine inaandika mchepuo (kiasi ambacho kasi zinatawanyika kutoka kwenye wastani) wa mita 3 kwa sekunde, wanashangilia. Kwa sampuli ya tano, mchepuo halisi unaweza kuwa popote kati ya karibu 2 na zaidi ya 8. Ukipima ishirini ukapata hiyo hiyo 3, ukweli uko kati ya 2.3 na 4.4 hivi. Kwa hiyo ukiniambia 175 ya mtu ina mchepuo mdogo kuliko Lapua yake, nitakuuliza alipima ngapi kabla sijakuuliza alipata ngapi.

Ngosha_65
Nilikuwa nasubiri mtu aseme 6.5 naona mnazunguka tu 😄

Hornady waliitoa 6.5 Creedmoor mwaka 2007 wakiwa na mawazo ya mashindano ya masafa tangu mwanzo, .308 ni ya mwaka 1952 na ilitoka ikiwa risasi ya kuwindia. Inatofautiana hata kwa macho: kichwa cha 6.5 ni chembamba, kirefu, kinapasua hewa. ELD Match 140 inatoka futi 2,710 kwa sekunde kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24, 147 inatoka 2,695. Na upepo ule ule unaoisukuma .308 ya 175 mita moja, 147 inasukumwa karibu theluthi moja pungufu. Kwa mtu anayepiga kando ya ziwa, hilo peke yake linatosha. Teke lake pia ni dogo, unaona risasi yako inapotua. Ukiwa na .308 unabaki kumuuliza mwenzako "imegonga wapi?"

Mzee Kisesa
Ngosha, kila ulichosema ni kweli, na bado simshauri auze.

Mtutu wa .308 ukitunzwa unakwenda risasi elfu tano na zaidi kabla usahihi wake haujashuka. 6.5 wengi wanaitaja kwenye elfu mbili na nusu hivi. Marekani mtu mtutu ukiisha anaagiza mwingine, fundi wa mtaani anaufunga wiki hiyo hiyo. Sisi mtutu ni sehemu ya silaha, una makaratasi yake, na ukija unatafuta nani wa kuufunga kwa vipimo. Halafu akienda dukani akakosa 6.5, atapiga nini? .308 haikosi kabisa, hata kama siyo ya mashindano.

Kijana ana darubini nzuri na bonde la mita 900. Ajifunze upepo kwanza. Risasi inayosukumwa zaidi inakufundisha haraka zaidi.

Ngosha_65
Shikamoo mzee. Hiyo ya mwisho ni kama kumwambia mtu ajifunze kuendesha kwa gari bovu, lakini la mtutu nakubali.

Mzee Kisesa
Marahaba. Wengi wetu tulijifunzia hayo hayo magari.

Mpimaji wa Nyegezi
Naona mnanukuu majedwali ya Marekani ya mwendo wa risasi kama vile Mwanza iko pwani. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ile ya kawaida inayotumika kwenye majedwali. Hewa nyepesi maana yake breki ndogo. Risasi inashuka pungufu, inasukumwa na upepo pungufu, na inachelewa kuangukia kwenye kasi ya sauti. Na sauti yenyewe kwenye joto hilo inakwenda mita 348 hivi kwa sekunde, siyo 340, kwa hiyo unarudisha kidogo cha ile faida.

Kepteni yuko sahihi kuhusu mkia wa 168, ila mahali pa kuyumba panasogea mbele. Ile 168 inayoanza kuleta shida kabla ya yadi 1,000 usawa wa bahari, huku mita 900 unaweza ukaifikia ikiwa bado juu ya kasi ya sauti, ingawa imekaribia mno kwa starehe yangu. Ningechukua 175 vile vile. Kama 168 mnazo kabatini msizitupe, hadi mita 700 hazina kosa.

Kosa ninaloliona zaidi ni kwenye simu. Programu ya mahesabu inauliza mgandamizo wa hewa, mtu anafungua utabiri wa hali ya hewa anakuta hektopaskali 1,015, anaandika hiyo. Hiyo namba imerekebishwa iwe ya usawa wa bahari! Hewa inayokuzunguka hapa Mwanza iko kwenye 885 hivi. Ukiandika 1,015, programu inaamini uko ufukweni Tanga, inakupandishia darubini kupita kiasi, risasi inapita juu ya shabaha, halafu unaandika huku jukwaani kwamba boksi limedanganya. Ama tumia kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma hewa ya hapo ulipo, ama iambie programu waziwazi kwamba namba ni ya usawa wa bahari na uipe na mwinuko.

Mwana_Igoma
Mpimaji, umenifumbua. Nimefungua programu sasa hivi, iko 1,014 🙈. Na Lapua je? Hakuna aliyeigusa.

Kepteni_Busisi
Lapua ni ya Ufini na sifa yake ni kulingana: maganda yake hata wanaojipakia wanayatafuta. Scenar 167 iko jirani kabisa na Sierra 168 kwa uzito, kwa hiyo kwa mita 900 ningeiweka nyuma ya 175 kwa umbo, siyo kwa ubora wa kazi. Wapigaji wa Bisley, Uingereza, wanafika yadi 1,000 kwa .308 ya vichwa vya greni 155 kwa sababu kanuni zao zinataka hivyo, kwa hiyo usidhani uzito ndio kila kitu. Lakini wale wana mitutu mirefu na wanasoma upepo tangu ujana wao.

Dada Shabaha
Kuhusu upepo, kwa vile Misungwi siyo mbali na maji. Asubuhi mapema ziwa na nchi kavu vinakuwa vimetulia, au kuna upepo mwanana wa kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, ardhi inapata joto kuliko maji, upepo unageuka unatoka ziwani na mchana unakuwa na nguvu. Kulinganisha risasi mbili, moja saa moja asubuhi na nyingine saa nane mchana, ni kulinganisha saa, siyo risasi. Pishanisha: tano za hii, tano za ile, urudie. Na miamba yetu hii inaugawa upepo, bendera ya karibu nawe inalala huku ya mita 600 inapepea. Tazama mazigazi kwenye darubini, punguza ukuzaji kidogo, utayaona yanavyotiririka kama maji kuelekea upande upepo unaokwenda. Yakichemka wima bila kuelekea kokote, subiri, upepo unabadilika.

Mpangilio wa kupishanisha una kasoro moja. Mtutu uliozoea risasi ya aina moja unahitaji kupigwa kadhaa za aina mpya ndipo utulie. Hizo za kwanza usizihesabu.

Fundi Mitutu
Niongeze mambo ya boksi lenyewe. Geuza boksi utaona namba ya toleo. Baruti ya toleo hili na la mwakani inaweza kutofautiana, kiwanda kinarekebisha ili kasi na mgandamizo vibaki ndani ya mipaka, lakini mtutu wako unahisi. Ukipata toleo linalokaa vizuri, nunua hilo hilo kadiri leseni yako inavyoruhusu. Kuna duka nililiamini (jina naliacha) lilinipa maboksi yaliyofungwa pamoja kumbe matoleo mawili, nikahangaika na darubini kwa muda mrefu wakati darubini haikuwa na neno. Siku hizi nasoma kila boksi pale pale kaunta, muuzaji akinuna anune.

Na tafadhali, msiache risasi kwenye dashibodi. Gari likianikwa juani Mwanza saa sita, ndani ni tanuri. Baruti ikipata joto inaungua haraka, kasi inapanda, mgandamizo unapanda. Nyingine zinavumilia kuliko nyingine ila hakuna isiyohisi kabisa. Kaa nazo kivulini, kwenye sanduku la kufunga, na usiweke risasi chemba kabla hujawa tayari kupiga, chemba ya mtutu uliopiga mfululizo inaiva.

Mlinzi wa Maswa
Samahani nadandia mada. Mimi ni mtu wa kuwinda kwa leseni. Hizi 175 zenye usahihi hivi si zingefaa pia kwa swala? Boksi moja, kazi mbili.

Mzee Kisesa
Hapana mwanangu. Kile kitundu unachokiona puani mwa MatchKing siyo cha kupanuka, ni mahali shaba ilipofungiwa wakati wa kutengeneza kichwa. Sierra wenyewe hawaipendekezi kwa mnyama. Inaweza kupita moja kwa moja kama sindano, inaweza kuvunjikavunjika juu juu, huwezi kujua ipi. Mnyama anakwenda kufia porini na wewe unafuata damu hadi giza. Tafuta kichwa cha kuwindia cha uzito unaokaribiana, ulenge upya kabla hujatoka.

Mwana_Igoma
Wabeja wakuu. Nachukua boksi chache za 175 za toleo moja, na Lapua kidogo za kupishanisha nazo. Dada Shabaha, hiyo kronografu inaazimwa kwa nani hapa mjini?

Dada Shabaha
Njoo PM. Betri unanunua wewe.