Gesti ya vyumba 9 Jambiani: MikroTik, FortiGate au pfSense kwenye kompyuta kuukuu?

Gesti_Jambiani
Assalaam alaykum wanajamvi. Nna gesti ya vyumba tisa Jambiani na kiofisi Vuga chenye kompyuta nne. Wiki iliopita nimekaa risepsheni mara printa ikaanza kutema karatasi yenyewe, kuangalia, tiketi ya ndege ya mgeni wa chumba namba 4. Kaprinti kwa simu yuko kitandani, wala si kosa lake, simu imemuonesha printa yangu na yeye kabonyeza. Hapo ndo nkashtuka, ikiwa printa anaiona basi na kompyuta ya hesabu anaiona, na humo mna paspoti za wageni nnazoziskani kila siku. Nimeuliza mafundi watatu, mmoja kanambia ruta ya MikroTik, mmoja FortiGate, boksi la fayawoli la kulinda mtandao, wa tatu kanambia nisinunue kitu atanitilia pfSense, programu ya fayawoli, kwenye kompyuta ya zamani. Nambieni wenye uzoefu, bajeti ndogo na masika inaingia.

Fundi_Malindi
Wa alaykum salaam. Kaka, tatizo lako kwanza ni kuwa wageni na ofisi unawalaza chumba kimoja. Waifai ya mgeni na ya ofisi zina paswedi moja, si ndio? Na imebandikwa kaunta.

MikroTik unalipa mara moja tu, leseni inakuja na ruta yenyewe, utagawa VLAN, yaani mitandao mbalimbali ndani ya ruta moja, wageni huku, ofisi huku, kamera mbali kabisa, na WireGuard, VPN yaani njia ya siri ya kuunga ofisi mbili kupitia intaneti, imo kuanzia RouterOS 7, programu ya ruta yenyewe, kwa hivyo Jambiani na Vuga utaziunga bila ya kumlipa mtu kwa mwezi. Ubaya wake, menyu zake kama vichochoro vya Mji Mkongwe, usipokuwa mwenyeji utazunguka mpaka magharibi. Na ukimaliza kuipanga usiisahau. 2018 lilionekana tundu kwenye Winbox, programu ya kuipangia MikroTik, kampuni ikatoa apdeti mwezi wa nne, kufika mwezi wa nane ruta laki na zaidi zishatekwa zinachimbia watu sarafu za mtandaoni, kisa wenyewe hawakuzigusa tokea zilipofungwa ukutani. Poti 8291, mlango wa Winbox, isionekane nje aslan.

FortiGate ni kitu kizuri, sisemi uongo, inachungulia vairasi na saiti mbovu. Ila hiyo kuchungulia ni ya kulipia kila mwaka. Usipolipa haizimiki, inabakia fayawoli ya kawaida yenye orodha ya vairasi wa mwaka jana.

Kijana_wa_Seva
Mie nshafanya kazi na FortiGate miaka mitano, nakataa kidogo hapo. Mtu wa hoteli hataki kujifunza vichochoro, anataka kitu kina ripoti na kuna pahala pa kupiga simu likiharibika. Vya bure vina gharama zake, siku fundi wako akipata kazi Dar utabaki na nani?

Fundi_Malindi
@Kijana_wa_Seva hilo la fundi kuhama nakubali kabisa, limenikuta. Lakini mwambie na hili: trafiki nyingi sasa ni https, yaani imefungwa kwa siri, FortiGate haioni ndani mpaka utie cheti chake kwenye kila kifaa. Kompyuta za Vuga sawa. Mtaliana alokuja kuogelea siku tatu utamwambia alete simu umtilie cheti? Kwa hivyo upande wa wageni unalipia macho yasoona. Na apdeti ni huku huku, 2021 zilimwagwa paswedi za VPN kutoka vifaa vya FortiGate kama 87,000 hivi, kwa tundu ambalo lilishazibwa tokea 2019. Kifaa ghali kisoapdetiwa na kifaa rahisi kisoapdetiwa vyote nyumba moja.

Karafuu_Wete
Nyie mnabishana ruta, mie nihadithie yalonifika. Ofisi yetu Wete, msimu wa karafuu, asubuhi nafungua kompyuta ya stoo, mafaili yote yamebadilika mkia na kuna karatasi moja tu kwenye desktopu, lipa au usahau. Fundi alikuwa kaacha poti 3389, mlango wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, wazi ili bosi aone mizani akiwa Unguja. Basi! Ruta ilikuwepo, antivairasi ilikuwepo. Tena bakapu ilikuwepo, hadi disiki imechomekwa usiku na mchana kwenye ile ile kompyuta, ikafungwa na yeye pamoja. Kilichotuokoa ni flashi ya karani, alikuwa akinakili hesabu kila alkhamisi aende nayo nyumbani kwa sababu hawaamini umeme wa ofisini. Tukapoteza siku nne badala ya mwaka. Sasa hivi tuna disiki mbili zinapokezana, moja iko kabatini haijaguswa na waya wowote, na nakala nyengine klaudi. Bosi anaingia kwa VPN, akilalamika alalamike.

Mama_Hesabu
Karafuu pole sana. Kwetu hakikufungwa hata kifaili kimoja lakini tulilia. Imeli ya boharia wetu iliingiliwa, mtu kakaa humo kimya anasoma, katia kanuni ya kufowadi nakala zote kwake, tulipokaribia kulipa mzigo ikaja invoisi ile ile, logo ile ile, namba ya benki tu mpya. Tukalipa. Hakuna fayawoli hapo hata ya dhahabu. Sikuhizi uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila imeli, na akaunti ikibadilika napiga simu kwa namba yangu ya zamani, si ile iloandikwa kwenye imeli. Na wewe wa gesti unapokea pesa za buking kwa imeli, anza hapo kesho kabla hujanunua boksi.

Gesti_Jambiani
Bi Mama_Hesabu umenitia khofu, paswedi ya imeli ya gesti tunayo watu watano 😅 Na ile pfSense jee? Hakuna alioisemea.

Fundi_Malindi
pfSense na nduguye OPNsense naipenda kuliko zote, programu ni ya bure na inafanya mambo mengi ya vifaa ghali. Lakini kompyuta kuukuu iwe na kadi mbili za mtandao, inakula umeme, feni inajaa chumvi na mchanga wa Jambiani, na umeme ukikatika ghafla mara tatu kwa wiki disiki inakuaga. Ukiitaka nunua kiboksi kisicho feni, tia UPS (betri ya akiba), chagua ZFS, mpangilio wa disiki unaostahamili umeme kukatika, wakati wa kuinsto. Kwa vyumba tisa mie nakwambia MikroTik mbili, bei ilobaki nunua disiki na UPS. Vuga pakikua ndo uje tuzungumze FortiGate, na ununue leseni ya miaka mitatu kwa mpigo, si mmoja mmoja ukasahau.

Kijana_wa_Seva
Kwa vyumba tisa sawa, nimekubali. Ila nakala ya setingi za ruta aachiwe mwenyewe, na paswedi ya admini aandikiwe kwenye karatasi akaifungie. Fundi asiondoke nayo kichwani.

Fundi_Malindi
Hahaa, hiyo ni yangu hiyo. Sawa yakhe.

Gesti_Jambiani
Ahsanteni nyote. Imeli nshabadilisha paswedi usiku huu, kila mtu atapewa akaunti yake, mpishi kanuna. Fundi ntakutafuta inbox, njoo jumaatatu mchana wageni wakiwa baharini. Printa nshaitoa waifai, ipo kwa waya.