Mrejesho: katheta za midilaini wodini kwetu

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuanzisha huduma ya katheta za midilaini (mirija mirefu myembamba inayoingizwa kwenye mshipa wa sehemu ya juu ya mkono) kwa wagonjwa wanaochomwa antibiotiki kwa wiki moja au zaidi, ambao kanula zao (mirija mifupi ya kawaida ya mkononi) zilikuwa zikiharibika kila baada ya siku mbili. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Tulifuata ushauri wa kuanza na wauguzi wanne tu, na ultrasaundi tunaiazima wodi ya wazazi, nayo kwa masharti. Kilichosaidia zaidi ni kupima mshipa kabla ya kufunga kamba ya mkononi inayouvimbisha, kwa kuwa unene wa katheta haupaswi kuzidi asilimia 45 ya upana wa mshipa. Mama mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imejaa alama za sindano alimaliza dozi yote kwa katheta moja.

Tuliposhindwa ni zamu za usiku: baadhi ya katheta ziliziba kwa kutosukumiwa maji ya chumvi baada ya dawa, na moja ilipitishiwa dawa inayounguza mishipa, ilhali ncha yake huishia usawa wa kwapa, mbali na mshipa mkubwa wa karibu na moyo ambako damu nyingi huizimua dawa. Sasa kila katheta ina kibandiko chekundu cha onyo, ila kuziba bado hakujaisha.