Tupeane uzoefu: Mzazi wako alipigana Vita ya Kagera? Uliwahi kumwambia asante?

Wakuu, salaam. Juzi nililala kwa mzee kijijini, huku Mvumi. Usiku mvua ikaanza kupiga bati. Saa nane nikashtuka, mlango uko wazi, mzee kakaa juu ya kigoda kizingitini, koti begani, anatazama maji yanavyokwenda. Nikamuuliza, "Baba, hulali?" Akanijibu, "Mvua kama hii huwa silali. Wewe rudi ndani."

Nina miaka 44 na nilikuwa silijui hilo. Huku kwetu mvua ikinyesha ndiyo watu wanakoroma, maana uwele umepona.

Asubuhi, kwenye chai, akafunguka mwenyewe. Alikuwa mgambo. Idi Amin wa Uganda alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akasema sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, haukupita muda yeye na vijana wenzake wakapandishwa treni pale Stesheni Dodoma, wakapitia Tabora hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Ziwa alilionea hapo kwa mara ya kwanza. Alidhani wamefika baharini.

Kuhusu risasi hakusema sana. Alichosimulia ni maji. Mtu aliyekulia kufukua mchanga wa korongo apate kata moja ya kunywa, Machi 1979 yuko kwenye kinamasi cha Lukaya, ndani ya Uganda, masika yamefungua, mbele kuna jeshi la Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. "Bunduki unaiweka kichwani kama mama na ndoo," akasema. "Na kuogelea sijui. Mpaka leo sijui." Wakienda hivyo kwa miguu, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili.

Nilitaka kumwambia asante, kinywa kikawa kizito. Mimi na baba hatujazoeana maneno ya namna hiyo. Nikapanda gari hadi mjini, nikaingia soko la Majengo, nikamnunulia koti la mvua, zuri, lenye kofia. Akaligeuzageuza, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa ndiyo unaleta?"

Haya, karibuni. Siasa tuiache pembeni kwa leo.

Wa Kibaigwa:
Mkuu umenigusa. Mimi wangu hakuwa askari wala mgambo, alikuwa dereva. Mtamhesabu? Magari ya watu binafsi yalichukuliwa kwa ajili ya vita, na lori la bosi wake lilikuwemo. Wakamwambia ashuke, akasema gia ya pili ya gari hili inanijua mimi tu. Akaenda nalo. Alibeba unga, maharage, risasi, na kurudi alibeba majeruhi. Anasema barabara zilikuwa tope tupu na usiku taa haziwashwi, mtu anatembea mbele na kitambaa cheupe mgongoni nawe unakifuata. Aliyekuwa anatembea na kitambaa hicho alikuwa kijana wa Singida, jina hakuwahi kulijua. Mpaka anakufa alikuwa akikutana na Mnyaturu anauliza, "Wewe kwenu hakuna aliyekwenda Kagera?" Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Binti Kondoa:
Wangu hakurudi. Mimi nilikuwa tumboni.

Mama alikaa miaka mingi bila kuliona kaburi. Nilipopata kazi, kitu cha kwanza nilimpeleka Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Basi hadi Mwanza, tukalala, kesho yake tukaendelea. Njia nzima hakuongea. Nilijua atalia, nikabeba vitenge viwili vya ziada. Hakulia. Alifika, akatafuta jina, akaliona, akavua viatu, akaanza kung'oa nyasi kando ya kaburi, moja moja, na mahali penyewe pasafi hapana nyasi za maana. Askari wa zamu alitaka kusema kitu, akanyamaza, akaenda kumletea kiti. Hakukikalia. Akaniambia, "Mwambie baba yako umesoma."

Nikamwambia.

Mjukuu wa Tembe:
Poleni. Mimi nitaharibu hali ya hewa kidogo. Asante haijai sufuria. Babu yangu alirudi na karatasi zake za jeshi akazichomeka kwenye nguzo za tembe. Mvua moja, udongo wa paa ukalowa, zilizobaki mchwa wakamaliza. Alipokwenda ofisi fulani kufuatilia stahiki zake akaulizwa vithibitisho. Akafungua shati akaonyesha kovu la ubavuni. Kijana wa dirishani akamwambia, mzee, hilo halina mhuri. Hakurudi tena kule. Kila tarehe 25 Julai tunawasha TV aone Siku ya Mashujaa. Rais akiweka mkuki na ngao anatazama tu, Mkuu wa Majeshi akiweka sime anatazama tu. Ikifika zamu ya mzee mwenzao wa vita kuweka shoka, anasimama. Peke yake sebuleni, fimbo mkononi, hadi wimbo uishe.

Mwanzisha mada:
Halina mhuri! Nimekaa na hilo neno dakika nzima.

Mkuu wa Kibaigwa, dereva tunamhesabu. Tena hata waliotoa ng'ombe tunawahesabu, bibi yangu alitoa beberu wake na alimkumbuka kwa jina.

Mgeni wa Bahi:
Samahani natoka nje ya mada. Nimekuta medali ya vita ya marehemu baba kwenye mkebe wa chai, imekuwa nyeusi. Inasafishwa na nini?

Wa Kibaigwa:
Ukwaju na majivu laini, sugua taratibu kwa kitambaa. Utepe usiulowanishe.