Mashine yetu wenyewe au kutuma sampuli nje? Cheti cha buloni, Lubumbashi

Kampemba_Buloni
Bandugu, jambo. Tuko na kiwanda kidogo cha buloni na ekru (nati) hapa Kampemba. Cheti cha ubora sasa ni lazima, bila hicho mzigo haupokelewi. Bosi anataka jibu mwisho wa mwezi. Njia ziko tatu: kununua mashine ya mtumba ya kuvuta buloni mpaka ikatike, ya 300 kN (kilonewton, kipimo cha nguvu), kununua kipima ugumu peke yake, au kutuma sampuli za kila loti (fungu lililotengenezwa pamoja) Afrika Kusini. Mngechagua ipi?

Yaya_Katuba
Lazima ya nani? OCC (ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa), mteja wa mgodi, au unavusha mzigo mpakani Kasumbalesa kuuza Zambia? Kila mmoja ana karatasi zake. Na hujasema daraja (kiwango cha nguvu) gani, kipenyo kikubwa ni kipi, wala tanuru ni la nani. Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mama_Ubora
Ongeza hili: zinki unaweka? Ya umeme au ya kuchovya?

Kampemba_Buloni
Sawa. Daraja 8.8 na 10.9, M12 hadi M30 (kipenyo mm 12 hadi 30). Ya 8.8 ni chuma cha boroni, ya 10.9 ni 42CrMo4 (chuma chenye kromi na molibdeni), vyote vya kuagiza. Tanuru na mafuta ya kuzimishia (kupoza ghafla chuma chenye moto) ni vyetu. Zinki ni ya umeme, inawekwa na karakana nyingine mjini. Lazima inatoka kwa mteja wa mgodi: ISO 898-1 (kanuni ya nguvu za buloni), na cheti 3.1 cha EN 10204 (kanuni ya vyeti vya ukaguzi) kwa kila loti, "kilichothibitishwa na OCC".

Fundi_Vipimo
Basi 300 kN ni kutupa feza. Chukua eneo la filete (nyuzi za buloni), zidisha na nguvu ya chini ya daraja (N kwa kila mm²). M16 ya 8.8: 157 mm² × 800, karibu 125 kN, hapo hakuna shida. M24 ya 8.8: 353 × 830 = 293 kN, tayari uko ukingoni. M24 ya 10.9: 353 × 1040 = 367 kN, mashine imeshindwa. M30 ya 10.9 inadai 583 kN, na hicho ni kiwango cha chini. Buloni nzuri inakatika juu yake, kwa hiyo hata ya 600 kN itahema. Kwa orodha yako tafuta 1000 kN, ama ukubali M30 zipimwe nje.

Tena usiulize bei ya mashine peke yake. Uliza nani atakuja kuihakiki kwa ISO 7500-1 (kanuni ya kuhakiki mashine za kuvuta), na kama inauzwa pamoja na vishikio vya filete na kabari. Buloni nzima inavutwa kabari ikiwa chini ya kichwa: digrii 10 hadi M20 kama shina laini ni refu (mara mbili ya kipenyo au zaidi), digrii 6 ukizidi M20. Ikikatika kwenye filete au kwenye shina, imepita. Ikikatika pale kichwa kinapoungana na shina, loti imeanguka hata kama kN zimefika.

Mzee_Tanuru
Mnakimbilia mashine kubwa bure. Anza na kipima ugumu cha Rockwell. 8.8 hadi M16 ni 22–32 HRC (namba za Rockwell), juu ya M16 ni 23–34, 10.9 ni 32–39. Kata buloni, kipenyo kimoja kutoka nchani, lainisha uso, piga katikati ya kiini na ukingo. Kwa dakika chache unajua kama tanuru lilifanya kazi. Usipige juu ya kichwa chenye zinki ukasema umepima.

Fundi_Vipimo
Ugumu haukuambii kama kona ya chini ya kichwa imepasuka kwenye presi, papa. Mteja ameandika ISO 898-1, hakuandika "ugumu tu".

Mzee_Tanuru
Na buloni fupi, urefu chini ya mara 2.5 ya kipenyo? Hiyo utaivuta na kabari gani? Hapo utarudi kwenye ugumu wangu.

Mama_Ubora
Mnabishana mlangoni, hatari iko karakana ya zinki. Kuna loti moja ya M20, 10.9, iliyopita kila jaribio: mvuto sawa, filete sawa, zinki inang'aa. Ikafungwa kwenye sahani za ndani za kinu cha kusaga mawe. Kesho yake asubuhi vichwa kadhaa vilikuwa vimeanguka chini, kinu hakijawashwa hata mara moja. Mpasuko ulikuwa chini ya kichwa, mkavu, chembechembe zinameta kama sukari, shina halijarefuka hata kidogo. Ilipopimwa upya, kiini kilikuwa 41 HRC. Sababu zilikuwa mbili: kupasha tena baada ya kuzimisha kulikatizwa mapema, na karakana ya zinki ililaza buloni kwenye asidi muda mrefu kuondoa kutu, halafu haikuzipasha baada ya zinki. Hidrojeni iliingia kwenye chuma ikabaki, ikakifanya kiwe cha kukatika. Jaribio la mvuto ni la haraka, haliioni. Hidrojeni inahitaji mzigo uliokaa.

Kwa hiyo kwenye mkataba na hao wa zinki andika: asidi kwa muda mfupi, 10.9 zipashwe 190–220 °C ndani ya saa 4 baada ya zinki, kwa saa 4 au zaidi, na karatasi ya joto ije pamoja na mzigo. Loti ya kwanza ifungwe kwenye sahani kwa saa 48 kwa njia ya ISO 15330 (buloni zinakazwa na kuachwa kuona kama hidrojeni itazipasua). Usipoweza kuwabana, 10.9 ziuze nyeusi zenye mafuta, au tumia mipako ya vipande vya zinki isiyopitia asidi.

Ruashi_Export
Mngeanza na ISO 9001. Ukiwa nayo milango yote inafunguka.

Yaya_Katuba
Haifunguki, ndugu yangu. 9001 inasema unavyoendesha kazi. Haisemi buloni hii inabeba mzigo gani.

Ruashi_Export
Lakini mkaguzi akikuta daftari halina mpangilio, hata vipimo hataviamini.

Yaya_Katuba
Hapo ni kweli. Ila Kampemba, soma tena sentensi ya mteja. Cheti 3.1 kinasainiwa na mkaguzi wako mwenyewe, mradi hayuko chini ya mkuu wa uzalishaji. Akitaka mtu wa nje asaini pamoja nawe, hiyo ni 3.2, na bei yake ni nyingine. Mwulize kwa maandishi anataka ipi. Kisha nenda OCC uwaulize mashine yao inafika kN ngapi. Ukituma Afrika Kusini, dai karatasi ya SANAS (shirika la kule linaloidhinisha maabara) inayoorodhesha majaribio. Maabara inaweza kuwa na kibali cha kupima chuma cha ujenzi tu. Na kila kichwa kiwe na alama ya kiwanda pamoja na daraja. Alama ya daraja peke yake haitoshi.

Mzee_Tanuru
Na umeme? Hamjauliza. Ukikatika buloni zikiwa 850 °C, zinakaa kwenye joto, hewa inaingia, kaboni ya uso inaondoka. Filete inakuwa laini nje, kiini kinapima vizuri.

Kampemba_Buloni
Tuko na jenereta, lakini haibebi tanuru.

Mzee_Tanuru
Ibebe pampu ya mafuta na gesi ya kinga basi. Loti iliyokatikiwa ipewe namba yake, ikatwe, filete iangaliwe kwa Vickers (kipimo kingine cha ugumu, HV) mzigo mdogo. Na msishushe joto la kupasha tena ili kuokoa ugumu: 425 °C ndiyo mwisho wa chini kwa 8.8 na 10.9. Mkaguzi anaweza kuipasha 415 kwa nusu saa. Ugumu ukibadilika zaidi ya 20 HV amewakamata.

Kampemba_Buloni
Aksanti kwa wote. Mteja nimemwandikia kuhusu 3.1 na 3.2. Bosi naye amepata mashine ya 600 kN, mwenye nayo yuko Ndola, Zambia, ila kwenye picha sioni kabari. Tornea (fundi wa kuchonga chuma) wa hapa anaweza kuzichonga?

Fundi_Vipimo
Anaweza, lakini zizimishwe zifike angalau 45 HRC, la sivyo kichwa cha 10.9 kitazama ndani na pembe itapotea. Mwambie wa Ndola akutumie karatasi ya mwisho ya uhakiki. Ni ya mwaka gani?