Dizeli inavuja kwenye 4x4 ya zamani: poda, rangi ya kung'aa, mpira angavu, au nibadilishe kila kitu?

Mwanzisha Mada

Wakuu, naomba mawazo yenu kabla sijafungua hata nati moja. Gari langu ni 4x4 ya dizeli ya zamani, injini ya silinda sita isiyo na turbo. Pampu ni ya rotari, muundo wa Bosch VE, ile yenye kichwa kimoja kinachogawia dizeli kwa nozeli zote (vipulizio vya kila silinda).

Kila asubuhi nakuta doa la dizeli chini, upana wa sahani. Ubavu wa injini upande wa pampu umelowa kuanzia katikati kwenda chini, na umajimaji umefika mpaka kwenye gia boksi. Halafu kuna hili la pili: gari likilala usiku kucha, asubuhi stata inazunguka sekunde 10 hadi 15 ndipo injini ishike. Likishashika, mchana mzima linawaka kwa mguso mmoja.

Nimeshauriwa mambo manne yasiyofanana. Mmoja anasema nioshe injini na kupaka poda. Mwingine anasema nitie rangi ya kung'aa kwenye tangi na kumulika kwa tochi ya urujuanimno. Wa tatu anasema nifunge mpira unaoonyesha ndani ili nione kama hewa inaingia. Wa nne anasema nisipoteze muda, nibadilishe mipira yote, washa (pete bapa) zote za shaba, na pampu nipeleke ikafungwe sili mpya. Ningependa kusikia kwa walioshika kazi hii kwa mikono yao.

Mzee wa Gereji

Kabla ya kuchagua njia, jibu swali moja: linavuja likiwa linanguruma au likiwa limezimwa? Doa la asubuhi halikujibu hilo. Dizeli inatambaa. Inatoka juu, inafuata ukingo wa chuma, inashuka kwenye bolti, inadondokea mahali pasipo na kosa lolote. Ukiendesha, upepo unaisukuma nyuma, ndiyo maana gia boksi imelowa.

Fanya hivi jioni moja. Osha upande huo kwa dawa ya kutoa grisi na ukaushe kabisa. Funika altaneta kwa nailoni, na usipige maji ya kasi karibu na mkanda wa taimingi. Kisha washa injini gari likiwa limesimama, ukae nayo dakika 20 na tochi mkononi. Zima. Angalia tena baada ya saa moja, na tena asubuhi. Kama unyevu unaanza injini ikinguruma na kukoma ikizimwa, tafuta penye presha: mabomba ya nozeli, mwili wa pampu, laini ya kurudi tangini. Kama unaendelea kudondoka usiku kwa kasi ileile, tafuta mahali palipo chini ya usawa wa dizeli ya tangi.

Kwa kazi hii mimi nachagua poda. Poda ya kawaida ya mwilini, unapaka kwa brashi laini juu ya kila kiungo. Dizeli ikigusa, weupe unageuka kijivu pale pale, na mstari unauona ukianzia juu. Feni inaipeperusha kidogo, lakini inatosha. Usipake karibu na mikanda.

Dereva wa Masafa

Mzee kasema kweli, ila poda ina kikomo: inakuonyesha pale tu macho yako yanapofika. Kuna magari ambayo nusu ya pampu imejificha nyuma ya manifoldi. Langu lilinisumbua miezi minne. Nilipaka poda mara tatu na kila mara ilinionyesha mahali dizeli inapopita, wala si inapotoka. Rangi ndiyo iliyonitoa. Unaitia kwenye tangi, unaendesha siku mbili kwa shughuli zako za kawaida, usiku unamulika. Inang'aa kijani cha manjano, na ukivaa miwani ya manjano unaiona hata kwenye ufa mwembamba kama unywele. Bomba la nozeli la silinda ya nne lilikuwa na ufa chini ya kibanio chake, na gari likiwa limesimama ulikuwa hautoi kitu. Ulifunguka barabarani tu, kwa mtikisiko.

Hakikisha ni rangi iliyotengenezwa kwa mafuta ya dizeli, si ile ya gesi ya kiyoyozi. Na uoshe injini kwanza. Ukimulika uchafu wa zamani utadanganyika, maana hata oili huwa na mng'ao wake.

Dada wa Spana

Naona wote mmelikimbilia doa, na lile la kuwaka kwa shida asubuhi mmeliacha. Kwangu hiyo ndiyo dalili yenye habari zaidi.

Gari linalowaka vizuri mchana na kusumbua likilala, mara nyingi dizeli imerudi tangini usiku na hewa imeingia mahali pake. Kiungo cha upande wa kuvuta, yaani kutoka tangini hadi pampu, kinaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone. Hapo poda haikusaidii, rangi haikusaidii. Kinachosaidia ni mpira angavu unaovumilia dizeli. Weka kipande kimoja kabla ya pampu, kati yake na filta, na kingine kwenye laini ya kurudi, karibu kabisa na pampu. Toa hewa, washa, tazama.

Mapovu yakiingia kwenye mpira wa kabla ya pampu injini ikinguruma, kosa liko nyuma: filta, pampu ya mkono iliyo juu yake, mipira, au bomba la chuma lililosuguliwa na chasisi. Kama mpira huo ni safi injini ikinguruma, lakini asubuhi unaukuta umekuwa mtupu, basi hewa imeingilia upande wa pampu.

Halafu usimsikilize anayekuambia ubadilishe kila kitu. Kila kiungo unachofungua ni kiungo kinachoweza kuvuja kesho. Kama tatizo lilikuwa moja, utajikuta na matatu usiyojua lipi ni la zamani.

Mgeni wa Dizeli

Mimi nilikuwa nakaza tu nati za mabomba ya nozeli kila nikiona unyevu. Kuna ubaya?

Mzee wa Gereji

Upo, kijana wangu. Nati ile inabana koni ya bomba kwenye koni ya pampu. Ukiizidishia nguvu, koni inapanuka na bomba halitashika tena hata ukaze namna gani. Legeza, safisha uso wake, rudisha, kaza kwa kiasi. Na ukiwa upande wa pampu shika kishikio cha vali, kile ambacho nati inafungwa juu yake, kwa spana ya pili, kisigeuke pamoja na nati.

Dereva wa Masafa

Mgeni, naongeza jambo, na ninaomba ulizingatie kuliko yote yaliyosemwa. Usitafute uvujaji wa mabomba ya nozeli kwa kidole, hata kwa glavu. Nozeli za injini hizi za zamani hufunguka kwa presha ya zaidi ya baa 100, na zile za injini zinazodungia dizeli moja kwa moja ndani ya silinda hufika 200 na kupita. Mchirizi mwembamba kiasi hicho unapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano na hakiumi sana mwanzoni, lakini dizeli iko ndani ya nyama na inaiua. Ikitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie wazi kwamba ni dizeli ya presha. Pitisha kipande cha boksi mbele ya bomba, kikilowa au kutoboka umepata.

Tangi Mbili

Hakuna aliyetaja hewa ya kompresa. Unafunga laini ya kurudi, unatia presha ndogo kwenye tangi kupitia mdomo wa kujazia, na kila penye ufa panatoa dizeli bila injini kuwaka. Ni kazi ya nusu saa, na inaonyesha viungo vya upande wa kuvuta ambavyo Dada kasema havidondoshi.

Dada wa Spana

Inafanya kazi, nimeitumia. Lakini presha iwe baa 0.2, na isipite 0.3, kwa kidhibiti chenye geji inayosomeka vizuri. Tangi la bati halikutengenezwa kubeba presha. Nimeona tangi lililovimba likagusa shafti ya nyuma. Kwa mtu anayefanya peke yake nyumbani, mpira angavu unampa jibu lile lile bila hatari hiyo.

Mwanzisha Mada

Nimerudi na majibu. Nilianza na mipira angavu, kwa sababu hoja ya Dada ilinigusa.

Injini ikinguruma, mpira wa kabla ya pampu haukuwa na povu hata moja. Asubuhi yake niliukuta mtupu kabisa, na ule wa kurudi una hewa nusu. Kwa hiyo filta na laini za nyuma nikaziacha. Nikaosha, nikapaka poda kwenye pampu yote. Dakika sita hivi baada ya kuwasha, poda ikageuka kijivu juu kabisa ya pampu, chini ya mkono wa akselereta, pale shafti yake inapoingia kwenye kifuniko. Nikikanyaga mafuta inalowa haraka zaidi. Inatiririka nyuma ya pampu, ndiyo maana sikuwahi kuona chanzo.

Sasa swali: nibadilishe oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya shafti pampu ikiwa garini, au niipeleke kwa fundi wa pampu?

Fundi wa Pampu

Nimekuwa nikisoma kimya. Umeipata, na dalili zako mbili ni kosa moja. Ndani ya mwili wa pampu hii kuna presha ya baa 2 au 3 ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na hupanda mpaka 7 au zaidi kwa mzunguko mkubwa. Ikinguruma, oringi iliyochoka inatema dizeli nje. Ikizimwa presha inaisha, dizeli inajivuta kurudi tangini, na oringi ile ile inaingiza hewa.

Shika mkono wa akselereta uutikise kwa pembeni. Kama shafti haichezi, oringi mpya inatosha na unaweza kuifanya garini. Kama inacheza, bushi ya kifuniko (bomba fupi linaloshikilia shafti) imelika, oringi itadumu wiki chache tu. Hapo nunua kifuniko kizima au peleka pampu.

Ukiifanya mwenyewe, piga alama ya mkwaruzo kati ya mkono na shafti kabla ya kuvitenganisha, maana una meno na ukirudisha kwa jino tofauti saileni haitakaa sawa. Safisha juu ya pampu mpaka ing'ae kabla ya kufungua bolti za kifuniko. Kinyanyue taratibu, springi ya gavana (kidhibiti cha mzunguko wa injini) imeshikana na shafti chini yake. Skrubu ya kiasi cha dizeli usiiguse. Oringi iwe ya Viton, aina ya mpira unaovumilia dizeli, kwa sababu mpira wa zamani ulizoea dizeli yenye salfa na kemikali za kuuvimbisha, na dizeli ya salfa kidogo ya siku hizi inauacha usinyae na kukakamaa.

Ingekuwa sili ya mbele ya pampu, au oringi kubwa ya kichwa, ningekuambia uilete mezani bila kusita. Ya mbele hasa: kwenye injini ambayo pampu inaendeshwa na gia, dizeli inaingia kwenye oili kimya kimya. Ukiona kiwango kwenye kijiti kinapanda na oili inanuka dizeli, usiwashe tena.

Mwanzisha Mada

Shafti haikucheza. Nilifanya garini, ikachukua muda wa saa 3 na nusu, nyingi zikiwa za kusafisha. Alama ya mkwaruzo iliniokoa kweli, nisingekumbuka jino.

Siku 16 sasa. Stata haimalizi sekunde 2, mpira wa kabla ya pampu umejaa kila asubuhi. Kila usiku natandika boksi safi chini. Juzi nilikuta tone moja, si upande wa pampu: ni kizibo cha kutolea maji chini ya filta. Wikiendi hii nabadilisha washa yake, na mipira angavu bado sijaitoa.